Okidi za baridi kwenye nyumba yenye joto: feni, kiyoyozi, kabati la kupoza au chotara?

Dirisha_Mashariki:
Wakuu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu. Nazitamani Masdevallia, zile okidi zenye ua la pembetatu na mikia mirefu. Tatizo ni kwamba mchana ndani kwangu ni nyuzi 30, na usiku haushuki chini ya 24. Naona njia nne: vyungu vya udongo na feni, kiyoyozi, kabati la kupoza, au kutafuta chotara (mimea ya kuchanganya aina mbili) zinazovumilia joto. Ipi ina maana?

Kivuli:
Mkuu, mchana unavumilika kidogo, kinachoua ni usiku. Masdevallia nyingi, na okidi za Dracula pia, ni za misitu ya mawingu kwenye milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako usiku hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Mmea hupumua usiku kucha, na joto likizidi unaunguza haraka sukari uliyotengeneza mchana. Tena Masdevallia hazina mashina manene ya kutunza akiba kama okidi za Cattleya. Utaona majani yanapata madoa kisha yanadondoka, hata kama umemwagilia vizuri.

Unyevu80:
Kuhusu vyungu na feni: pima unyevu wa hewa kwanza. Maji yanapokauka kwenye ukuta wa chungu huondoka na joto, lakini hayashushi chini ya kile kinachosomwa na kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 50, kikomo ni kama 22. Unyevu ukiwa asilimia 80, kikomo ni 27, na chungu chenyewe hata hapo hakifiki. Sasa mimea hii inataka unyevu wa 70 kwenda juu. Ukiilowesha hewa uifurahishe mimea, umeshaiharibu njia yenyewe ya kupoza!

Dirisha_Mashariki:
Duh. Kwa hiyo kiyoyozi?

MamaMizizi:
Kiyoyozi kinakausha hewa, na kupoza chumba kizima usiku kucha kwa ajili ya vyungu vinne ni kuchoma umeme bure. Mimi natumia kabati la kuhifadhia mvinyo, lile lenye kompresa na mlango wa kioo. Taa za LED nimeweka juu ya kioo, nje, zisipashe ndani. Feni ndogo ya kompyuta inazunguka saa zote, maana hewa ikisimama kuvu haikawii. Usiku 13, mchana naachia ipande hadi 21.

Makabati madogo yasiyo na kompresa achana nayo, yanakula umeme na chumba kikiwa na joto hayafiki mbali. Friji ya kawaida nayo ni baridi kupita kiasi mpaka uifungie kidhibiti joto cha nje.

Kivuli:
Dada, kabati lako ni zuri lakini mlango ukifungwa nani anaona maua? Mimi ningeanza na Masdevallia infracta ya Brazil na chotara zake. Inavumilia joto kuliko ndugu zake wa milimani. Ila nyuzi 24 usiku hata kwake ni nyingi, 18 ndiyo ingekuwa raha.

Na usidanganyike na okidi kubwa za Cymbidium. Joto haliiui, inajaa majani mazuri kabisa, ila bila usiku wa baridi haitoi ua.

Unyevu80:
Kuna Disa uniflora pia, okidi ya Afrika Kusini, mlima wa Table Mountain. Huota kandokando ya vijito, kwa hiyo mizizi yake ikipata maji baridi yanayotembea, majani yanastahimili mchana wa joto. Unapoza maji badala ya hewa. Lakini maji yawe ya mvua au yaliyochujwa chumvi, hapo haina msamaha.

Dirisha_Mashariki:
Nimeelewa. Nitatafuta kabati, na infracta itakuwa ya kwanza kuingia. Nipime nini kabla ya kununua?

MamaMizizi:
Kimo kati ya rafu. Masdevallia nyingi ni fupi, zinaingia bila shida. Masdevallia veitchiana ya Peru ndiyo inasumbua, bua lake la ua huweza kufika sm 40. Na nyuma ya kabati acha nafasi, kompresa inatoa joto jingi.