Krismasi Buffalo 🐐 (ukoo wa Marangu)

*Jumapili, 14 Desemba*

Dada Neema 19:02
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nataka majibu LEO. Mbuzi wa ndafu nimeshamlipia. Mama ndiyo Krismasi yake ya kwanza huku Marekani, tusimwangushe jamani. Nani anakuja, na anaingia tarehe ngapi?

Dada Neema 19:40
Naona mmesoma watu 11. Majibu sifuri.

Baraka 19:44
Mbuzi ana kilo ngapi?

Dada Neema 19:45
Baraka!!

Mama Joy 19:58
Wifi, na theluji je?

Dada Neema 19:59
Wifi tulia. Theluji ya Krismasi hapa ni nusu kwa nusu. Na wataalamu wenyewe wakisema Krismasi nyeupe wanahesabu inchi 1 tu ikiwa imelala chini asubuhi ya tarehe 25. Inchi moja!

Baraka 20:01
Inchi moja hata kwato za mbuzi hazizami 😂😂

Elia 20:33
Neema, 2022 ulisema hivi hivi. "Ni upepo tu, njooni."

Dada Neema 20:34
Kaka, hayo si tulishayamaliza?

Elia 20:41
Uliyamaliza wewe. Mimi nililala kituo cha mafuta karibu na mji wa Erie, watoto nyuma, natoka kila nusu saa kuondoa theluji kwenye ekzosi kwa kifuniko cha sufuria ya pilau ili moshi usiturudie ndani. Soksi za Joy zimeloa, nikamvisha kofia yangu miguuni. Hakuna aliyepiga simu. Huko kwenu Buffalo walikufa watu zaidi ya 40, wengine ndani ya magari yao.

Dada Neema 20:43
Umeme ulikatika Elia. Simu ilizima.

Baraka 20:44
Kile kifuniko si ni cha shangazi? 😂

Mama Joy 20:46
Kilipinda, tukakiacha hukohuko.

Shangazi Ruth 20:47
KUMBE!! Miaka yote hii nafunikia sinia!

Baraka 20:47
🤣🤣🤣

Dada Neema 20:50
Jamani turudi kwenye mada. Columbus mko magari mangapi?

Samweli Trela 21:15
Hiyo barabara kuu ya I-90 ya kuja Buffalo naipita kila wiki, naomba mnisikilize. Kinachonitisha si asilimia, ni Ziwa Erie. Mwezi huu huwa bado halijaganda. Upepo wa baridi ukikatiza juu ya maji yenye joto kidogo unabeba mvuke, ukifika nchi kavu unamwaga theluji, tena kwa mkanda mwembamba. Hamburg hapo kusini mwa Buffalo wanafukiwa, kule Amherst kwa Neema jua linawaka. Mjini Erie Krismasi ya 2017 walipata inchi 34 kwa siku moja. Kwa hiyo Neema akichungulia dirishani akasema kumetulia, hadanganyi. Ila haoni mlipo ninyi.

Dada Neema 21:17
Sasa tufanyeje, tumtupe mbuzi?

Samweli Trela 21:20
Tusubiri. Utabiri wa leo kwa ajili ya tarehe 25 ni ramli. Zikibaki siku mbili tatu ndiyo unasomeka.

Baba Mkubwa 22:12
Kumekucha Marangu, nimesoma yote. Kibo naiona hapa mlangoni, nyeupe, na tangu nizaliwe haijawahi kushuka kunifuata. Hiyo ya kwenu inamfuata mtu barabarani. Elia, nimekusikia. Nilikuwa sijui habari ya watoto kulala kwenye gari, na nimeumia kutoambiwa. Neema, mama yako nimeongea naye, anawataka wazima hata ikiwa Pasaka. Mtu asiwashe gari kwa kumwogopa dada yake.

Mama Joy 22:15
Shikamoo baba mkubwa. Asante sana.

Baraka 22:16
Shikamoo baba mkubwa 🙏

Baba Mkubwa 22:18
Marahaba.

Dada Neema 22:49
Shikamoo baba mkubwa. Nimesikia.

Dada Neema 23:05
Basi Samweli aangalie njia Jumapili tarehe 21 jioni. Akiridhika, mtoke Jumatatu asubuhi, kila gari na chepe, blanketi na tangi limejaa. Elia?

Elia 23:11
Tutaona.

Dada Neema 23:11
Tutaona ndiyo, au tutaona hapana?

*Jumatatu, 15 Desemba*

Godlisten 06:31
Samahanini, nilikuwa zamu ya usiku. Tumeamua nini? Mimi naleta ndizi za mtori.

Shangazi Ruth 06:40
Na kifuniko.

Dada Neema 07:02
Kaka Elia, naona umesoma.

Dada Neema 07:03
Nipigie ukitoka kazini. Siyo habari ya mbuzi.