Saratani na kansa ni neno moja: acheni kuwababaisha wagonjwa

Nimekasirika, na sitaficha. Shangazi yangu alipopewa majibu ya vipimo vya titi, mhudumu wa afya alimwambia asihofu, kwa kuwa alicho nacho ni saratani tu, haijawa kansa. Kesho yake jirani akamwapia kinyume chake, kwamba kansa ndiyo yenye nafuu na saratani ndiyo isiyo na dawa. Mama wa watu hakulala, akiniuliza, "Sasa mwanangu, mimi nina ipi?"

Hakuna saratani inayokua hadi ikawa kansa. Neno la kwanza tumelipata kwa Kiarabu, la pili kwa Kiingereza, na yote mawili asili yake ni jina la kaa, yule kiumbe wa pwani mwenye gamba gumu na miguu mingi (si kaa la moto, maana hata hilo nimelisikia likielezwa). Wagiriki wa zama za Hippocrates, tabibu wao maarufu wa kale, ndio waliouita ugonjwa huu karkinos, yaani kaa. Celsus, aliyeandika kwa Kilatini katika karne ya 1, akautaja kwa neno cancer, ambalo ni kaa yuleyule. Na matabibu walioandika kwa Kiarabu, akiwemo Ibn Sina, wakauita saratan, kaa yuleyule tena. Galen, tabibu mwingine wa kale wa Kigiriki, alieleza kwamba mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe wa titi hutanda pande zote kama miguu ya kaa. Hata ile nyota ya Saratani wanayoitaja watabiri ni nyota ya Kaa!

Kwa hiyo anayedai kwamba neno hili maana yake ni ugonjwa usiotibika anasema uongo. Jina lilitokana na umbo lililoonekana kwa macho, karne nyingi kabla ya hadubini, wala halikubeba hukumu yoyote juu ya kupona au kufa. Saratani ya damu huitwa hivyo hivyo ingawa huenda mgonjwa asiwe na uvimbe hata mmoja.

Kama mhudumu alitaka kutofautisha, maneno yapo: uvimbe usio saratani, saratani iliyo bado mahali pamoja, saratani iliyosambaa. Shangazi alipaswa kuambiwa ugonjwa wake umefika hatua gani na matibabu yanaanza lini. Hayo mawili hadi leo hajaambiwa. Alichopewa ni tofauti ya maneno ambayo haipo.