Dereva wa treni, basi, meli na lori: nani analipwa kwa haki? (Mwanza)

KichwaChaMkuyuni

Habari za jioni wakuu. Reli ya kisasa inajengwa kutoka Isaka kuja kwetu, na vijana wengi wa hapa wanaulizia udereva wa treni. Mabishano yameshaanza. Kuna wanaosema dereva wa treni anapendelewa, maana "treni haina usukani, inafuata chuma". Wengine wanasema anapunjwa. Naomba tulinganishe kazi nne tunazozijua: treni, basi la Dar, meli ya ziwani na lori la mizigo. Hela ya mwezi peke yake haitoshi, kwa hiyo tuweke saa za kazi, makato na kile kinachobaki mtu akistaafu.

MhasibuWaKirumba

Mkuu umeanza vizuri. Tuchukue mshahara wa msingi wa mfano, 900,000, ili tusishike slipu ya mtu yeyote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Kupata bei ya saa moja, gawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha gawa kwa 45. Inakuja 4,615. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, yaani 6,923. Siku ya mapumziko na sikukuu ni mara mbili, 9,230. Saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, nyongeza yake ni asilimia 5. Hiyo ni shilingi 231 kwa saa. Aliyekesha saa zote 10 anaongezewa 2,308. Sahani ya ugali na sato huipati kwa hela hiyo.

Makato kwa mtumishi wa umma: PSSSF (mfuko wa pensheni) asilimia 5 ni 45,000, bima ya afya asilimia 3 ni 27,000, kodi ya mapato 91,750. Kinachofika mkononi ni 736,250, kabla ya mkopo wa benki na ada ya chama.

Sasa hapa ndipo watu wanapojidanganya. Dereva wa treni akisafiri sana, posho za safari na saa za ziada zinaweza kuinenepesha hela ya mwezi. Ila mchango wa pensheni unakatwa kwenye mshahara wa msingi. Posho ya kulala Tabora haimfuati mtu uzeeni. Ukiambiwa "jamaa anaingiza milioni na nusu", uliza kwanza msingi wake ni shilingi ngapi.

StendiNyegezi

Upande wa basi, mkuu, hata huo msingi wengi hawana. Dereva analipwa kwa safari. Basi likiwa gereji wiki nzima, halipwi. Deiwaka, yaani dereva wa kibarua cha siku, ndiye anaumia zaidi, maana leo yupo, kesho hajulikani.

Mwanza hadi Dar kwa barabara ni kilomita 1,100 na ushee. Kikomo cha mwendo ni 80, na kifaa cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) ndani ya basi kinatuma taarifa ukizidisha. Ongeza mizani, vituo vya chakula na tochi za trafiki, safari inakula saa 16 au zaidi. Ndiyo maana wanatakiwa madereva wawili. Lakini hesabu inakosewa hapa: anayepumzika anajikunja kwenye kiti au nyuma ya basi barabara ikimtikisa, na saa hizo hakuna anayezihesabu kama kazi. Gawa malipo ya safari kwa saa zote alizokuwa mbali na nyumbani, siyo kwa saa alizoshika usukani. Utashangaa bei inavyoshuka.

Lori ni hivyo hivyo, na zaidi kidogo: hela ya safari mara nyingi inatolewa kwa mkupuo, na humo humo dereva anatoa chakula, kulala na maegesho. Akikwama mpakani siku nne, anazilipia mwenyewe.

FundiKarakana

Aliyesema treni haina usukani aende akaangalie breki.

Basi lenye mwendo wa 80 kwenye lami kavu linasimama ndani ya mita 70 hivi, ukiweka na ile sekunde ya kushtuka. Treni ya abiria yenye mwendo wa 160 inataka zaidi ya kilomita moja, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya chuma halina mshiko wa mpira. Dereva wa treni akishaona ng'ombe relini amechelewa tayari. Anaendesha kwa kumbukumbu: anajua mteremko unaanzia wapi, kona ipi inaficha ishara, daraja lipi lina amri ya kupunguza mwendo. Kipande cha Malampaka hadi Shinyanga kina udongo mweusi wa mbuga. Masika unavimba, kiangazi unapasuka, reli inapoteza usawa. Amri ya mwendo ya wiki iliyopita siyo ya leo, na anayekosea haanguki peke yake.

Kisha kuna jaribio la breki kabla ya kuondoka. Bomba la upepo linajazwa mpaka gauji ya behewa la mwisho isome. Dereva anapunguza upepo ili breki zishike, mkaguzi anatembea ubavuni mwa treni nzima kuona kila behewa limeshika. Dereva anaachia, mkaguzi anarudi kuona kila behewa limeachia. Koki moja ya bomba hilo ikisahaulika imefungwa katikati, gauji ya kichwa cha treni itasoma vizuri kabisa, na mabehewa yote ya nyuma ya koki hiyo hayatakuwa na breki. Treni ya mabehewa 20, koki ikifungwa nyuma ya behewa la tano, umebaki na robo ya nguvu ya kusimamisha. Treni ikikosa breki mlimani tunajua matokeo yake. Igandu, Dodoma, 24 Juni 2002: treni ya abiria ilirudi nyuma, ikagonga treni ya mizigo, wakafa watu 281.

Kwa hiyo nusu saa ya kukagua breki ni kazi, na lazima iingie kwenye saa zinazolipwa. Vilevile saa za kusubiri kupishana. Reli ya zamani iliyofika Mwanza 1928 ni njia moja. Treni ya upande wa pili ikichelewa, wewe unakaa stesheni ya Bukwimba injini ikinguruma, huwezi kushuka ukaenda zako.

BandariKusini

Meli nayo ni kama treni: roho nyingi mikononi mwa mtu mmoja. Tunaokaa kando ya ziwa hatujasahau MV Bukoba ilivyozama, 21 Mei 1996. Tofauti ni kwamba nahodha ana cheti cha ngazi kwa ngazi, na akiondoka ziwani anaweza kuomba kazi Dar, Zanzibar au kwenye meli za nje. Mwajiri wake anajua hilo.

Halafu kuna jambo la kuangalia: kazi inaweza kufutwa na ujenzi. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kivuko cha pale kilikosa kazi. Mtu anapopima mshahara apime na hilo.

 

Mwanafunzi_Butimba

Mbona Uingereza madereva wa treni walikuwa wanapata pauni 60,000 kwa mwaka, na makubaliano ya 2024 yakawapandisha hadi karibu 69,000, kwa wiki ya siku nne? Huku tunabishania shilingi 231 za usiku.

KichwaChaMkuyuni

Mdogo wangu, takwimu zako ni sahihi, ila angalia kilichozileta. Kule kampuni za treni ni nyingi na zinanyang'anyana madereva, kwa sababu kumfundisha mmoja hadi aendeshe peke yake kunachukua mwaka au zaidi. Chama chao kimewakusanya karibu wote. Wakigoma, treni hazitembei.

Kwetu reli ni mbili, TRC na TAZARA. Dereva wa basi mwenye leseni daraja C akichoka na tajiri huyu anavuka barabara kwa tajiri mwingine. Dereva wa treni mwenye miaka 15 ya kuijua njia ya Tabora–Mwanza atampelekea nani ujuzi huo? Na akipimwa macho akakutwa hatofautishi nyekundu na kijani, anashushwa kwenye kichwa cha treni siku hiyo hiyo. Kwa maoni yangu hapo ndipo anapopunjwa. Amebeba ujuzi mgumu ambao hauuziki kwingine, kwa hiyo bei yake inapangwa na upande mmoja.

Kwa mshahara wa msingi wa kila mwezi, likizo ya siku 28 na pensheni, bado anamzidi mbali dereva wa basi asiye na mkataba. Ila dereva wa basi naye anaonewa, hatuwezi kumfanya kipimo cha haki.

FundiKarakana

Nakubaliana. Na wasije wakasema treni ya umeme inajiendesha. Ishara zinasomeka ndani ya kibanda na mfumo unapiga breki mwendo ukizidi, kweli. Lakini mfumo ukigoma katikati ya pori, ni dereva anayeifikisha treni stesheni.

MhasibuWaKirumba

Kwa anayeitwa kusaini mkataba wa udereva wa treni, aulize haya kabla ya kalamu: saa zinaanza kuhesabiwa anaporipoti au treni inapoondoka? Kusubiri kupishana kunalipwa kama kazi? Nani anajaza kitabu cha saa za ziada, na yeye anabaki na nakala? Sheria inazuia zaidi ya saa 50 za ziada kwa wiki nne, na inataka saa 12 mfululizo za kupumzika kila siku. Na akifeli kipimo cha macho akiwa na miaka 45, anapewa kazi gani, kwa mshahara upi? Hilo la mwisho liandikwe, asikubali kuambiwa kwa mdomo.