MJADALA: Mgonjwa wa UVIKO ya muda mrefu aanzie kliniki ya afya ya akili?

Mleta mada: Wakuu, hoja ni hii. Mtu ameugua korona, homa imeisha, lakini miezi inapita na bado mwili hauna nguvu, kumbukumbu inapotea, moyo unaenda mbio akisimama. Vipimo vinatoka safi, anaandikiwa rufaa ya afya ya akili. Mimi naiunga mkono. Sonona na hofu vinawapata wengi wao, na kumnyima mtu tiba kwa sababu majirani watasema ni kumuonea. Mnaopinga leteni sababu.

Tabibu wa Moro: Napinga kuanzia huko, sipingi huduma yenyewe. Mara nyingi "vipimo safi" ni damu, sukari na eksirei ya kifua, basi. Nani amempima akiwa amesimama? Mlaze dakika 10, andika mapigo na presha. Msimamishe ameegemea ukuta, rudia kila dakika hadi ya 10, na pawe na mtu wa kumdaka akizirai. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko bila presha kushuka, huenda shida iko kwenye neva zinazoongoza moyo na mishipa ya damu. Mtu huyo anatetemeka, anatoka jasho, moyo unapiga 120. Asiyempima ataandika "wasiwasi", na likishaingia kwenye faili, kila daktari anayefuata analisoma kabla ya kumsikiliza mgonjwa.

Dodoso la PHQ-9, lile la maswali ya kupima sonona, nalo linapotosha. Usingizi, uchovu na umakini ni maswali matatu kati ya tisa. Akipata 3, alama ya juu, kwa kila moja tayari ana 9, na mpaka wa kutilia shaka sonona ni 10. Angalieni kwanza swali la 1 na la 2, yaani kukosa raha na kukata tamaa.

Mama Nasaha: Na la 9, kaka yangu, la mawazo ya kujidhuru. Hilo likijibiwa ndiyo, halisubiri kipimo cha ukutani. Anaonwa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana sikubali huu utaratibu wa "mwili kwanza, nafsi baadaye". Vyote viende pamoja.

Ila nasaha nayo inaweza kuumiza. Wengi wa wagonjwa hawa huporomoka saa 12 hadi 48 baada ya kujichosha, hata kwa kuongea tu. Kikao cha saa nzima mjini, kwa daladala, kinamlaza siku mbili. Fanya dakika 20, kwa simu, akiwa amelala. Na tuache kuwaambia "jikaze, fanya mazoezi". Uingereza, mwongozo wa 2021 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu uliondoa mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua.

Afisa Utumishi: Kazini maneno ya cheti ndiyo yanayoamua. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Kenya kima cha chini kwa mwaka ni siku 7 kamili na 7 nusu, zinaisha haraka mno. Cheti kisichosema mtu hawezi nini kinamwachia meneja nafasi ya kuhukumu uvivu. Kiandikwe: asisimame zaidi ya dakika 15, apumzike kila saa, asipangiwe usiku. Jina la ugonjwa si lazima liende kwa timu nzima.

Mleta mada: Kwa hiyo tufiche? Utafiti wa Uingereza wa 2022 ulionyesha asilimia 95 ya wagonjwa waliojibu walikutana na unyanyapaa angalau wakati mwingine, na waliothibitishwa na daktari waliripoti zaidi. Basi hata jina sahihi haliwalindi.

Tabibu wa Moro: Dodoso la mara moja halionyeshi kipi kimeleta kipi. Huenda waliothibitishwa waliumwa zaidi na kupita mbele ya watu wengi zaidi. Hapa kwetu kuna jingine: takwimu zilisimama Mei 2020, watu wakaambiwa ni "changamoto ya upumuaji", na wengi hawana cheti cha kipimo. Wasirudishwe kwa sababu hiyo. Ufafanuzi wa WHO wa 2021 wa ugonjwa huu unakubali maambukizi yanayodhaniwa: dalili ziwepo takriban miezi mitatu tangu kuugua, zidumu angalau miwili, na ugonjwa mwingine usizieleze.

Mama Nasaha: Hicho cha mwisho kisirukwe. Mtu akikohoa na kukonda, mtaani wameshasema ukimwi. Apimwe TB kwa GeneXpert, mashine ya kupima makohozi, apimwe VVU, na majibu aelezwe faragha, kwa sababu ni magonjwa yenye dawa. Akitaka ndugu waelezwe, achague mmoja, aje naye kliniki, wasikie pamoja kwamba kufua leo kunaweza kumlaza keshokutwa. Bila hilo, nyumbani watahesabu siku anazoonekana mzima na kudai anajifanya.

Afisa Utumishi: Hapo kwa ndugu nakubali. Kwa mwajiri bado nasema: apewe mipaka ya kazi, siyo faili.