Kuweka hela kwenye kampuni changa ya soksi za kubana, mnasemaje?

Koboko_Boy: Wakuu salaam. Kuna vijana wawili hapa Kampala wanauza soksi za kubana, zile ndefu za kuishia chini ya goti, wateja wao manesi, askari wa getini, walimu, watu wa kusimama mchana kutwa. Wanataka milioni 10 wanipe asilimia 5. Nilizivaa kwenye basi la usiku kutoka Arua, nikashuka miguu haijavimba na wala hazikeri. Lakini hela ni hela, niingie?

Bila_Hasira: Piga hesabu kwanza bosi. Milioni 10 kwa asilimia 5 maana yake wanakwambia kampuni nzima ni milioni 200. Uliza wameuza pea ngapi na wangapi walirudi kununua tena, sio mashemeji na watu wa kanisani kwao. Kama mali yote ni makatoni mawili sebuleni hiyo 200 imetoka wapi?? Na hisa zako ziandikishwe URSB, ofisi ya serikali ya kusajili kampuni, mambo ya kusainiana hotelini mimi siyataki.

SistaWodi: Mimi nesi, nazivaa kila shifti ya usiku. Soksi ya kweli inabana zaidi kwenye kifundo halafu inalegea inavyopanda, ndo inasaidia damu irudi juu. Ikikaza zaidi pale chini ya goti hiyo ni mpira tu. Angalia pakiti kama imeandikwa mmHg, kipimo cha nguvu ya kubana, 15 mpaka 20 ni za kawaida, 20 mpaka 30 heri uone daktari kwanza. Na mtu ambaye damu haifiki vizuri miguuni, kuna wagonjwa wa sukari wa hivyo, zinaweza kumuumiza kabisa. Wanapima wateja kifundo na shavu la mguu, au saizi moja kwa wote?

MamaKikuubo: Mwanangu hapa Kikuubo, kwenye maduka ya jumla Kampala, mteja anauliza bei, hizo mmHg baadaye. Wakianza kuuza vizuri jirani ataleta za kufanana kwa nusu bei, hilo lijue. Kizuri zinalegea, ukivaa kila siku miezi 3 mpaka 6 unatafuta nyingine, kwahiyo mteja anarudi. Mimi ningewanunulia mzigo mmoja tu wauze tugawane faida, hisa baadaye.

Koboko_Boy: Asanteni sana. Nimewapigia, kifundo wanapima, shavu hapana. Mauzo wameahidi kunionyesha Ijumaa. Mama, na mzigo ukibaki hasara ya nani?

MamaKikuubo: Yako, ndo maana faida chukua kubwa. Na muandikiane kabla hujatuma mobile money!