Mimi wa miaka 16 kazini nachungwa kama mtoto, kijana wa wiki 2 anaachiwa kisu

Wadau, nina hasira na sitaificha.

Naendesha mashine ya kuchapisha ya rangi 4 katika kiwanda kimoja hapa Industrial Area, Nairobi, mwaka wa 16 huu. Msimamizi wetu mpya hanibanduki. Nikiongeza wino, kwa nini? Nikipunguza maji, niandike kwenye daftari. Juzi alisimamisha mashine katikati ya kazi ya mteja, karatasi zikaharibika, eti ahakikishe rangi zimepandana, yaani kila moja imekaa sawasawa juu ya nyingine. Zilikuwa zimepandana!

Chumba hichohicho kuna kijana wa chuo aliyekuja kwa mafunzo. Wiki 2 tu. Yeye aliambiwa: "Badilisha kisu cha mashine ya kukatia karatasi, wewe ni msomi, jiongeze." Peke yake. Wanaoijua mashine hiyo wanaelewa. Wakati wa kukata unabonyeza vibonye viwili kwa mpigo, kwa hiyo mikono yote iko mbali. Kubadilisha kisu ni jambo jingine: unakishika mwenyewe, kizito, kikali kama wembe. Kilimteleza. Kiganja, nyuzi 7. Usiku mamake alinipigia simu, nikakosa la kumwambia.

Na mchoro upo ukutani! Aliubandika msimamizi mwenyewe alipotoka semina: nadharia ya uongozi ya Wamarekani Paul Hersey na Ken Blanchard, ya 1969. Asiyejua kazi aelekezwe hatua kwa hatua. Anayeanza kuishika aelezwe na sababu. Anayeiweza lakini anasitasita ashirikishwe. Mjuzi aliye tayari akabidhiwe, aachwe afanye. Tena mtu hapimwi kwa mvi, anapimwa kwa kazi iliyo mbele yake. Ulipoletwa mtambo wa kutengeneza kwa kompyuta pleti, yaani bamba zenye picha ya kuchapishwa, mwanafunzi nilikuwa mimi. Nilimwomba anielekeze, akasema, "Mzee, wewe ni mzoefu." Pleti 5 ziliharibika, nikakatwa mshahara.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka anayewekwa kwenye mashine ya hatari awe amefunzwa, au asimamiwe na mtu anayeijua vizuri. Siku ile msimamizi alikuwepo kazini. Alikuwa kwangu, ananikagulia wino.

Kijana anarudi Jumatatu. Nimemwambia meneja kwamba kisu hicho hakiguswi tena na mwanafunzi nisipokuwa kando yake, hata mashine yangu ikilala. Hajanijibu. Aliyewahi kupeleka malalamiko ya namna hii kwa wakaguzi wa usalama kazini, tafadhali anieleze alianzia wapi na ilichukua muda gani.