Tupeane uzoefu: sauti za albamu "A Night at the Opera" ya bendi ya Queen (1975), zilitengenezwaje?

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, hilo tunalijua wote. Tuweke hapa mambo ya studio: sauti ipi ilipatikanaje, na sikio litegwe wapi. Tumieni hedifoni, spika ya simu itawanyima nusu ya utamu.

#2
Ile kwaya ya "Bohemian Rhapsody" ni watu watatu tu: Brian May (mpiga gitaa) sauti za chini, Mercury katikati, Roger Taylor (mpiga ngoma) juu kabisa. John Deacon, mpiga besi, hakuimba. Mashine ya kurekodi ilikuwa na njia 24, yaani nafasi 24 za kurekodi sauti mbalimbali kwenye kanda moja. Zikijaa, zinachanganywa na kuhamishiwa kwenye njia chache, nafasi inapatikana, wanaimba tena. Inasemekana tabaka zilifika 180 hivi. Ubaya wake ni kwamba kanda ikipita kwenye hedi (kichwa cha mashine kinachosoma na kurekodi) mara nyingi, unga wa sumaku unakwanguka. Kanda ya wimbo huu ilichakaa mpaka ukiiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. "Bismillah" sikio la pwani haliwezi kuikosa. Tegeni pia "Galileo", zinavyopokezana kushoto na kulia.

#3
"Lazing on a Sunday Afternoon": ile sauti kama ya redio ya babu haikutoka kwenye kifaa cha ajabu. Sauti ya Mercury ilipigwa kupitia hedifoni zilizotumbukizwa ndani ya kopo la bati, maikrofoni ikainasa humo. Mnaweza kujaribu nyumbani. Spika ndogo inakula besi, bati linabakisha ukali. Msifungulie sana, bati likianza kutetema maneno hayasikiki.

#4
Kwenye "Good Company" msitafute tarumbeta wala trombone, hazipo. Ni gitaa la May, lile aliloliunda na baba yake, shingo yake ikichongwa kwenye mbao za meko kuukuu. Lilipita kwenye amplifaya ndogo ya betri ya volti 9, ambayo Deacon aliiunda kwa sakiti iliyookotwa jalalani. Kila ala ya kuigiza ilirekodiwa peke yake, kipande kwa kipande. Kwangu hiki ndicho kilele cha albamu, mnisamehe wa "Bohemian".

#5
Mkuu #4 umenena. Ongeza kinubi cha "Love of My Life". May alikirekodi kodi (chord, noti kadhaa zinazopigwa pamoja) moja moja, kwa sababu mlango wa studio ukifunguliwa joto linabadilika na nyuzi zinatoka kwenye tyuni. Kukaza nyuzi kulichukua muda kuliko kupiga.

#6
Hatua za dansi kwenye "Seaside Rendezvous" si viatu. Ni Mercury na Taylor wamevaa kastabini, vile vikofia vya fundi nguo, wakigonga meza ya kuchanganyia sauti.

#2
Nilisahau: msikate "Bohemian" mapema. Pigo la mwisho kabisa, lile linalofifia taratibu, ni upatu mkubwa (gong) wa Taylor.